Kugharimia uboreshaji wa madirisha ya nyumba

Kugharimia uboreshaji wa madirisha ya nyumba ni kutafuta na kutumia fedha kwa ajili ya kutengeneza, kubadilisha au kuongeza madirisha ili nyumba ipitishe hewa vizuri, isipate joto kali, itumie umeme kidogo na isiingize mbu. Katika nchi za baridi serikali nyingi hutoa ruzuku au nafuu ya kodi kwa kazi hiyo. Tanzania haina mpango wa kitaifa wa ruzuku kwa madirisha. Mwenye nyumba hutegemea akiba yake, vikundi vya kuweka na kukopa, vyama vya ushirika, taasisi za mikopo midogo, benki, au msaada wa ndugu.

Makala hii inaeleza hali ilivyo kwenye pwani ya Tanzania kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa mfano wa Fukayosi. Fukayosi ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo katika Mkoa wa Pwani. Kama ilivyo kwa kata nyingi za vijijini, nyumba hujengwa hatua kwa hatua: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati baadaye. Mara nyingi madirisha huwa ya mwisho, na familia huhamia nyumba ikiwa bado ina matundu yaliyozibwa kwa mbao, mabati, magunia au matofali.

Hali ya hewa na mahitaji ya nyumba

Bagamoyo iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Miezi ya joto kali ni Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba huvuma upepo wa kusi, na usiku huwa na nafuu. Unyevu wa hewa ni mkubwa karibu mwaka mzima, hivyo jasho halikauki upesi na mwili hupoa tu pale hewa inapotembea.

Kwa sababu hiyo dirisha zuri la pwani si lile la nchi za Ulaya. Huko dirisha huwekewa vioo viwili au vitatu vyenye nafasi katikati ili joto la ndani lisitoke. Pwani, katika nyumba isiyo na kiyoyozi, kazi ya dirisha ni kupitisha upepo, kuzuia jua lisiingie moja kwa moja na kuzuia mbu. Vioo viwili vina faida ndogo mahali ambapo dirisha hukaa wazi mchana na usiku.

Aina za maboresho

Maboresho yanayofaa pwani yanaweza kupangwa kuanzia yale ya gharama ndogo hadi yale ya gharama kubwa:

- Kuweka wavu wa mbu kwenye dirisha lililopo, ukiwa umebanwa kwenye fremu pande zote nne bila kuacha upenyo.
- Kuweka kivuli nje ya dirisha: kurefusha paa, kujenga kibaraza, kuweka jamvi au kupanda mti upande wa mashariki na magharibi, ambako jua huingia likiwa chini.
- Kufungua dirisha la pili kwenye ukuta unaoelekeana na lile la kwanza. Chumba chenye dirisha moja tu hupitisha upepo kidogo hata dirisha likiwa kubwa.
- Kutengeneza fremu mpya ya mbao au chuma yenye nondo, wavu na mbao za kufunga.
- Kuweka madirisha ya luva, ambayo vioo vyake hulala na kuruhusu hewa kupita karibu katika eneo lote la dirisha.
- Kuweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Haya hupendwa kwa sura yake na hayapati kutu kama chuma, lakini kwa kawaida nusu ya eneo lake hubaki imezibwa na kioo hata yakifunguliwa yote.

Jambo la mwisho lina maana kwa anayetafuta mkopo. Dirisha la bei kubwa si lazima liwe ndilo linalopoza nyumba zaidi. Dirisha la mbao lenye wavu na upana wa kutosha laweza kupitisha hewa kuliko la aluminiamu la ukubwa huohuo.

Faida zinazotarajiwa

Umeme

Wateja wadogo wa nyumbani wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) wako katika kundi la D1. Kwa viwango vilivyotumika kuanzia mwaka 2016, uniti 75 za kwanza kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo shilingi 350, bila kuhesabu kodi na tozo. Mteja anayezidisha uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa kundi la juu.

Feni ya wati 60 inayowashwa saa 10 kila usiku hutumia uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kwa bei ya D1 hizo ni shilingi 1,800. Kiyoyozi kinachotumia wastani wa kilowati 1 kwa saa 8 kila siku hutumia uniti 240 kwa mwezi. Kwa hesabu ya D1 hizo ni shilingi 7,500 kwa uniti 75 za kwanza na shilingi 57,750 kwa uniti 165 zinazobaki, jumla shilingi 65,250.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Nyumba inayotumia feni peke yake haiwezi kulipa mkopo wa madirisha kwa umeme inaouokoa, kwa kuwa fedha inayookolewa ni ndogo mno. Lakini nyumba ambayo madirisha yake yanaifanya ivumilike bila kiyoyozi hukwepa gharama kubwa kila mwezi. Kwa wakazi wengi wa vijijini, ambako Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umeunganisha nyumba kwa ada ya shilingi 27,000, faida ya dirisha huonekana zaidi katika usingizi na afya kuliko katika LUKU.

Afya

Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, na wengi huingia ndani kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Kwa hiyo wavu wa dirisha peke yake hufanya nusu ya kazi. Nafasi hiyo ya juu nayo inapaswa kuwekewa wavu au kuzibwa, na milango ifunge vizuri. Ikizibwa kabisa bila kuongeza madirisha, joto la ndani huongezeka, na watu huanza kulala nje au kuacha chandarua. Ndiyo maana kuzuia mbu na kupitisha hewa ni kazi moja.

Utafiti uliofanyika nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyavu kwenye nyumba zilipunguza mbu walioingia ndani kwa takriban nusu, na pia zilipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti kuhusu Dar es Salaam, uliohusisha wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ina kituo Bagamoyo. Utafiti huo ulitazama nyavu za madirisha, dari na kuziba nafasi ya juu ya kuta kama njia za kudumu za kupambana na malaria mjini. Katika kijiji cha Magoda, Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa. Zilionekana kuwa na mbu wachache na joto dogo usiku kuliko nyumba za kawaida za kijiji.

Wavu wa dirisha hauchukui nafasi ya chandarua chenye dawa. Viwili hivyo hutumika pamoja.

Historia ya mikopo ya makazi Tanzania

Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili kukopesha wananchi kwa ajili ya ujenzi. Ilifungwa mwaka 1995 baada ya kulemewa na madeni, na kwa miaka mingi hapakuwa na chombo kikubwa cha mikopo ya nyumba. Watumishi wa serikali walibaki na mfuko wao wa mikopo ya nyumba, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kusimamiwa na wizara yenye dhamana ya ardhi.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba. Mwaka 2010 iliundwa kampuni ya TMRC, ambayo huzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wateja. Mwaka huohuo ulianza mradi wa serikali wa fedha za makazi kwa mkopo wa dola milioni 40 za Marekani kutoka Benki ya Dunia. Sehemu ya mradi huo ilikuwa mfuko wa mikopo midogo ya nyumba, uliosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Mfuko huo ulilenga watu wanaojenga au kukarabati kidogo kidogo na ambao hawana hati ya kuwawezesha kupata mkopo mkubwa wa nyumba. Benki ya DCB ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizoutumia.

Vyanzo vya fedha

Upatu na vikundi vya kuweka na kukopa

Upatu ni utaratibu wa zamani ambao wanachama huchanga kiasi sawa na kila mmoja hupokea mchango wote kwa zamu. Hauna riba, na unafaa kwa kazi ndogo kama nyavu za nyumba nzima au fremu mbili tatu. Udhaifu wake ni kwamba anayepokea mwanzo anaweza kuacha kuchanga, na hakuna akiba ya kufidia.

VICOBA na vikundi vinavyofanana navyo ni hatua ya juu zaidi. Vina hisa, mfuko wa jamii, katiba na sanduku la fedha. Mfumo wa vikundi vya namna hii ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na baadaye ukaenea Afrika Mashariki. Mwanachama hukopa kulingana na hisa zake, na riba hurudi kwa wanachama wakati wa kugawana. Kwa kuwa wanachama wanafahamiana, dhamana kubwa ni mdhamini ndani ya kikundi.

SACCOS

SACCOS ni chama cha ushirika wa akiba na mikopo kinachosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mwanachama huweka akiba kwanza, kisha hukopa kiasi kinachozidi akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu. Riba kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya makampuni ya mikopo midogo, na mkopo unaweza kulipwa kwa miezi mingi. Zipo SACCOS zilizojikita katika makazi. Mfano ni WAT SACCOS ya Dar es Salaam, iliyotokana na shirika la WAT lililoanza kwa kuwasaidia wanawake kupata ardhi na nyumba.

Benki na taasisi za mikopo midogo

Benki hutoa mikopo mikubwa ya nyumba kwa mwenye hati na kipato kinachothibitika. Mkopo wa namna hii una gharama za uthamini, mwanasheria, usajili na bima, hivyo haufai kwa kazi ya madirisha peke yake. Kwa kazi hiyo wengi huchukua mkopo mdogo wa ukarabati au mkopo wa mshahara. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote.

Fedha zisizo na riba

Waislamu wengi wa pwani huepuka mikopo ya riba. Amana Bank, iliyoanza kazi mwaka 2011, hufuata misingi ya Kiislamu, na baadhi ya benki nyingine zina huduma za aina hiyo. Njia inayotumika sana ni murabaha: benki hununua vifaa, kama vile fremu, vioo na nyavu, kisha humuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu. Bei haibadiliki baada ya mkataba.

Mikopo ya halmashauri

Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni ya shughuli za uzalishaji, hivyo mtu hawezi kuiomba kwa ajili ya madirisha ya nyumba yake. Hata hivyo kikundi cha mafundi seremala, wachomeleaji au mafundi wa aluminiamu kinaweza kuiomba kwa ajili ya mashine na vifaa. Kwa njia hiyo fundi hupatikana karibu na kijiji hakilazimiki kusafirisha madirisha kutoka mjini.

Gharama halisi ya mkopo

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la pili ni makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Daraja la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii.

Riba ya asilimia ileile inaweza kuwa nafuu au ghali kutegemea inavyohesabiwa. Tuchukue mkopo wa shilingi 600,000 unaolipwa kwa miezi 12, shilingi 50,000 za mtaji kila mwezi:

- Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi ni shilingi 21,000 mara 12, yaani shilingi 252,000. Jumla ya kulipa ni shilingi 852,000.
- Riba ileile ikihesabiwa juu ya salio linalopungua ni shilingi 136,500. Jumla ni shilingi 736,500.
- Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua ni shilingi 58,500. Jumla ni shilingi 658,500.

Tofauti kati ya mfano wa kwanza na wa tatu ni shilingi 193,500. Kabla ya kusaini, mkopaji anapaswa kuuliza jumla atakayolipa hadi mwisho pamoja na ada ya fomu, bima na faini ya kuchelewa, badala ya kuuliza asilimia peke yake.

Mikopo inayojulikana kama kausha damu hutozwa riba kubwa kwa muda mfupi. Mkopo wa shilingi 600,000 wenye riba ya asilimia 20 kwa siku 30 hudai shilingi 720,000 mwezi mmoja baadaye. Ukiahirishwa kwa kulipa riba tu, ndani ya miezi mitano riba huwa imefikia shilingi 600,000 na deni lote bado lipo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Dhamana na haki za familia

Katika vijiji, ardhi husimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuwekwa rehani, ingawa si kila benki huipokea. Mjini wapo wenye leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi, na wapo wasio na karatasi yoyote isipokuwa mkataba wa mauziano.

Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa hiyo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamlinda mwenzi dhidi ya kuuzwa au kuwekwa rehani kwa nyumba hiyo bila yeye kukubali.

Kuweka shamba au nyumba nzima kuwa dhamana ya kazi ya madirisha manne kuna hatari isiyolingana na kazi yenyewe. Mavuno yakikosekana, kama mvua za masika zikipungua, familia hupoteza ardhi kwa deni dogo. Kwa kazi ndogo, dhamana ya kikundi au akiba ndiyo inayolingana na mkopo.

Kupanga kazi na kumlipa fundi

Kwa kuwa fedha hupatikana kidogo kidogo, maboresho nayo yanaweza kufanywa kwa hatua. Mpangilio unaofaa nyumba nyingi ni kuanza na chumba cha kulala watoto, kuweka nyavu na kuziba nafasi ya juu ya ukuta, kisha kufungua dirisha la kuelekeana, na kuacha vioo na urembo mwisho. Kila hatua huleta faida yake hata kama inayofuata itachelewa mwaka mzima.

Mkopo hulipwa vizuri marejesho yanapofuata msimu wa kipato. Mkulima wa nanasi, muhogo au korosho hana fedha sawa kila mwezi, na baadhi ya vikundi huruhusu marejesho makubwa baada ya mavuno.

Malipo ya fundi huandikwa: idadi ya madirisha, vipimo, aina ya mbao au unene wa nondo, bei na siku ya kukabidhi. Malipo ya awali yanatosha kununua vifaa, na salio hutolewa madirisha yakishafungwa na kukaguliwa. Ndugu aliye mbali anayetaka kusaidia anaweza kulipia vifaa dukani moja kwa moja.

Nchi nyingine

Nchini Marekani sheria ya mwaka 2022 iliongeza nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama ya madirisha yanayookoa nishati, isiyozidi dola 600 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 2025 iliikomesha kwa kazi zinazokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Mpango mwingine wa nchi hiyo, ulioanza mwaka 1976, husaidia kaya maskini kuziba na kukarabati nyumba zao bila malipo. Ufaransa ilianzisha mwaka 2020 ruzuku iitwayo MaPrimeRénov', inayogharimia sehemu ya ukarabati kulingana na kipato cha kaya. Waafrika Mashariki wanaomiliki nyumba huko huweza kuomba misaada kama hiyo kwa masharti ya nchi husika, ambayo hubadilika mara kwa mara.

Tanzania imetumia ruzuku katika nishati ya kupikia: mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kueneza nishati safi ya kupikia, na mitungi ya gesi imeuzwa kwa bei ya ruzuku. Madirisha hayamo katika utaratibu huo. Kwa mkazi wa Fukayosi, msaada wa karibu zaidi unabaki kuwa kikundi chake, chama chake cha ushirika na mpango wa kujenga hatua kwa hatua.